Kepu za Staleti ya Mwalimu Matilda

Mtaani kwetu Makambako wanasema masikio ya Fundi Methusela yalikufa wakati wa lile gari la Mwalimu Matilda, ile Staleti. Wengine wanasema kwa huruma, wengine wanachekacheka. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama dukani na mtoto mgongoni, nikamsikia mtu akimwelekeza mwenzake: "Usimpelekee gari yule mzee, siku hizi hasikii injini." Nilichukua sukari yangu nikaondoka. Mimi ni mke wa mtoto wake. Naishi kwake, naota moto wake, na kilichotokea nakijua kwa sababu kilitoka kwenye mikono yangu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na yeye mwenyewe.

Fundi Methusela alizaliwa Mawengi, Ludewa. Alishuka huko akiwa utingo wa lori la mahindi, na lori likafia hapa Makambako. Wakakaa wiki tatu wakisubiri kifaa. Dereva alilala, mwenye mahindi alilalamika, yeye alikwenda kuchuchumaa pembeni ya fundi aliyekuwa chini ya lori na kuangalia. Lori lilipopona, likaondoka bila yeye. Mama mkwe wangu, Mama Dorosela, husema alimpata mume kwa sababu ya gia boksi, na akisema hivyo baba hujifanya hajasikia.

Gereji yake iko nyuma ya nyumba: bati sita juu ya nguzo, mikaratusi miwili ya kukinga upepo, na upepo wenyewe haukingiki. Ana bisibisi moja ndefu ambayo hafungulii chochote. Ni ya kusikilizia. Ncha anaiweka kwenye injini inayounguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Mpini ni wa mti, alioutengeneza mwenyewe, na umeng'aa upande mmoja kwa sababu ya sikio. Akiwa anasikiliza, hakuna anayeruhusiwa kusema. Niliwahi kumwona akimfukuza kuku kwa mguu huku macho yamefumbwa.

Mteja akifika na kuanza kueleza kwamba gari lina shida ya hiki au kile, yeye humkatisha.

"Usiniambie ina nini. Niambie inasema nini."

Basi watu wazima, wengine wamevaa koti la suti, wanasimama pale kwenye vumbi na kuigiza magari yao. Inasema tikitiki. Inasema krrr nikipanda mlima. Inakohoa. Yeye hacheki. Anatikisa kichwa kama mganga wa zahanati anayejua wagonjwa wake wote, kisha anachukua bisibisi.

Mimi nililetwa kwake na mume wangu, Brayson, miaka miwili iliyopita. Brayson anapasua mbao kule Kifanya, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi nyumbani tuko baba, mama, mimi na Jasmine wangu. Na katika nyumba hii mkwe na mkamwana hawazoeani ovyo. Nampigia magoti, namwekea chakula, naondoka. Nikiwa na neno kwake, napitia kwa mama. Yeye naye akiwa na neno kwangu anasema kwa sauti, "Mwambieni Mama Jasmine," hata kama nimesimama hatua tatu kutoka alipo. Sikuwahi kuona ubaya. Lakini nilitamani siku moja anione. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikafanya kazi Njombe kwenye ghala la kupanga parachichi, nikaolewa. Hakuna nilichowahi kufanya ambacho mtu alisimama akakitazama.

Gari lilikuja mwezi wa sita, wakati wa baridi yenyewe. Mwalimu Matilda anafundisha shule ya msingi upande wa Njombe. Staleti ile ilikuwa ya marehemu mumewe, ya zamani, ya kabureta, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kunywa oili.

"Kila mtu ananiambia niiuze, baba," alisema. "Lakini kiti cha mbele bado kimekaa alivyokirudisha nyuma yeye. Mimi naendeshea kwenye ncha ya kiti."

Baba alifungua boneti, akasikiliza, akasema ringi zimekwisha, injini inataka kufunguliwa yote. Atampa injini kama mpya ndani ya gari la zamani. Aliposema hivyo niliona Mwalimu amemwamini, jinsi alivyomkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Akaifungua. Alitandika gunia chini ya bati na kupanga vitu juu yake kwa mstari. Pistoni nne, kila moja na mkono wake wa chuma, ule wanaouita konrodi. Na mbele ya kila konrodi, kifuniko chake cha nusu duara kinachoibana kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hicho kifuniko ndicho mafundi wanachokiita kepu. Konrodi na kepu yake vilichongwa pamoja kiwandani, hakuna kepu inayokaa vizuri kwenye konrodi ya mwenzake, hata kama kwa macho zote nne ni sawa kama mapacha. Haya nayajua sasa. Huwa zina alama, lakini fundi aliyewahi kuifungua gari ile huko nyuma alikuwa amezisaga kwa tupa. Baba mwenyewe hupiga nukta zake kwa panchi, kile chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo: nukta moja, mbili, tatu, nne. Panchi ilikuwa kwa Fundi Silvesta wa ng'ambo ya barabara, aliiazima. Baba akasema ataichukua kesho.

Kabla ya hiyo kesho ikaja simu ya msiba kutoka Mawengi. Alifunika vitu vyake kwa gunia la pili, akaweka jiwe kila pembe, akamwambia mama, "Waambie watoto wa jirani wasiguse hapa." Akaondoka.

Mimi nilisikia neno "watoto". Nikajiambia mimi si mtoto.

Nilikuwa nimemwangalia mara nyingi akiosha vyuma kwa dizeli na mswaki wa zamani, vidole vimekufa kwa baridi, anavipuliza. Nikawaza atarudi amechoka na safari, amelia, akute kazi ile imekwisha. Siku ya tatu, mama akiwa sokoni kwenye viazi vyake, nilitoa mawe, nikafunua gunia, nikaweka beseni. Na nilianza vizuri. Nilichukua kimoja, nikakiosha, nikakirudisha kwenye alama yake ya mafuta kwenye gunia. Kingine, hivyo hivyo. Vidole viliuma mpaka vikaacha kuuma. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilikuwa naimba.

Jasmine alikuwa na miezi kumi, anatambaa. Nilimweka kwenye mkeka na kijiko cha kuchezea. Nilipogeuka kumwaga dizeli chafu nilisikia vyuma vikigongana. Alikuwa ameshika pindo la gunia kwa mikono miwili na kulivuta alivyozoea kuvuta shuka kitandani. Kepu zote nne zilikuwa zimeteremkia upande mmoja, ziko pamoja kama mayai kwenye kiota, na yeye anacheka.

Nilimbeba, nikamfuta mikono, nikakaa kuziangalia zile kepu. Kama ningeacha pale pale. Kama ningezikusanya kwenye sufuria na kumwambia mama, "Mtoto amevuruga." Lakini ghalani Njombe nilikuwa nimekaa misimu miwili mbele ya parachichi, na kazi yetu ilikuwa moja: kinachofanana kiende na kinachofanana. Mkono ulishazoea, ulikuwa unatangulia kabla sijafikiri. Konrodi mbili zilikuwa na weusi kidogo, mbili zimekaa kama kahawia. Na kepu nazo, mbili zilikuwa na weusi, mbili kahawia. Nikaweka weusi kwa weusi na kahawia kwa kahawia. Zikapendeza. Niliona kama zimekaa vizuri kuliko mwanzo.

Baba alirudi jioni ya siku ya tano, macho mekundu. Hakuingia ndani, alikwenda kwenye bati, akafunua gunia, akasimama.

"Nani ameosha?"

Mama alinitazama. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Ni mimi, baba."

Alichukua pistoni moja, akaigeuza kwenye mwanga uliobaki. Kisha akanitazama. Alinitazama mimi, si mama.

"Umeosha kuliko mimi. Na ulizirudisha kama zilivyokuwa?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, na ilikuwa pana. Mtoto amevuta gunia: ni maneno matatu. Lakini alikuwa anatabasamu, na uso ule sikuwahi kuuona ukitabasamu kwa ajili yangu. Niliogopa kuuharibu.

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, asante," alisema. Hakupitia kwa mtu.

Kesho yake akaanza kufunga. Panchi alikuwa ameichukua kwa Silvesta, na nukta akazipiga sawasawa, moja mpaka nne, juu ya mpango wangu. Akafunga metali mpya, vile vipande vyembamba vinavyokaa kati ya kepu na krenki. Nilikuwa naanika nepi. Nilimwona anazungusha krenki kwa mkono, anasita, anazungusha tena.

"Nzito kidogo," alijisemea.

Akatazama gunia tupu. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika nepi mbichi, nikamtabasamia.

"Ni ringi mpya," akasema, akaendelea.

Siku ile ilipowaka iliwaka vizuri. Moshi hakuna. Mwalimu Matilda alizunguka gari mara mbili, akakaa kwenye ncha ya kiti chake, akaondoka kwenda Njombe akipiga honi. Baba alisimama barabarani mpaka gari likapotea. Usiku chakula alikula chote.

Siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa inakuja polepole, na ndani ya muungurumo wake kulikuwa na kitu kingine, ko-ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuondoka. Mwalimu alishuka akiwa amekunja uso.

"Ilianza asubuhi hii karibu na Mtwango, baba, nikienda shule. Nilifikiri ni jiwe. Nikasimama, hakuna jiwe. Nikageuza kuja huku."

Fundi Silvesta alivuka barabara, mikono mfukoni. Ni kijana bado, fundi mzuri, mdomo wake ndio haujui kupumzika.

"Kamwene, mzee. Mbona injini inabisha hodi? Mfungulie basi mgeni aingie."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Baba alichukua bisibisi ndefu, akaiweka kwenye bloki ya injini, akafumba macho. Kisha akafanya ile kazi nyingine: injini ikiwa inaunguruma, anachomoa waya wa plagi moja, anasikiliza, anaurudisha, anachomoa mwingine. Ukichomoa waya wa silinda yenye ugonjwa, kugonga kunapungua, kwa sababu pistoni ile haisukumwi tena kwa nguvu. Alichomoa ya kwanza, ikaendelea kugonga. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akarudia zote.

"Ya pili," akasema. "Na ya tatu."

"Zote mbili?" Silvesta aliinua nyusi. "Kwa siku moja? Walikubaliana?"

"Ya pili na ya tatu."

"Mzee wangu, nakuheshimu. Metali mpya, umefunga wewe, ziharibike mbili zinazofuatana kwa safari ya Njombe tu? Hiyo ni tapeti. Kaza tapeti zako, mwalimu awahi shule."

Na baba, ambaye kwa miaka hii miwili sikuwahi kumwona akifuata sikio la mtu mwingine, akasita. Nadhani yeye mwenyewe aliona haiwezekani. Alikuwa amefunga kwa mikono yake, kwa utaratibu wake, kepu kwenye konrodi yake. Kama kazi ilikuwa sawa, basi sikio ndilo lililokosea. Akafungua kifuniko cha juu, akaweka tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali, sawa moja moja. Akawasha. Ko-ko-ko-ko. Akabadilisha oili, akaweka nzito. Ilipungua kidogo ikiwa baridi, ilipopata moto ikarudi palepale.

Silvesta safari hii hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mzee, labda ni masikio. Hata baba yangu yalianza hivyo hivyo. Siku hizi anakaa karibu na redio imezimwa, anatuambia taarifa ya habari imebadilika siku hizi, wanaongea taratibu sana."

Mwalimu Matilda aliacha gari, akaondoka kwa gari la abiria. Alisema, "Hakuna haraka, baba," lakini ufunguo aliuweka juu ya meza, hakumpa mkononi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuwa na hakika bado. Sikujua habari za kepu na konrodi wakati huo. Lakini nilijua kulikuwa na kitu kimoja ndani ya injini ile ambacho nilikisema sivyo.

Siku zilizofuata baba hakugusa gari. Asubuhi moja nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni nikamkuta amesimama ukutani peke yake. Alikuwa ameitoa saa ya ukutani ya sebuleni, ameishika kwenye sikio la kulia. Akaihamishia kushoto. Akaisogeza mbali kidogo, akairudisha. Alikuwa anajipima. Nilirudi kinyumenyume bila kuni, na chai siku hiyo ilichelewa. Mama alipouliza nikasema kuni ni mbichi. Uongo wa pili ulitoka bila shida.

Siku ya Alhamisi aliniita.

"Mama Jasmine, njoo hapa."

Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikapiga magoti. Alikuwa amewasha gari. Aliniinua kwa ishara ya mkono, akanipa ile bisibisi ndefu. Sijui kama nimeeleza vya kutosha bisibisi ile ni nini. Brayson mwenyewe hajawahi kuishika.

"Una masikio ya kijana," alisema. "Mimi yangu siyajui tena. Weka hapa. Mpini kwenye sikio. Usiniangalie mimi, fumba macho. Nitachomoa waya, wewe uniambie inasema nini."

Nikaweka. Injini iliingia kichwani mwangu nzima. Niliisikia kama mtu anavyosikia mimba ikicheza, kitu kikubwa ndani ya kitu. Na kugonga kulikuwa hapo, kuzito, chini kabisa.

"Moja," akasema, akachomoa.

"Inagonga, baba."

"Mbili."

Kugonga kukalegea, kama kugonga mlango uliofunikwa kwa nguo.

"Imepungua."

"Tatu."

"Imepungua, baba."

"Nne."

"Inagonga."

Alizima injini. Nilifumbua macho. Alikuwa ameketi kwenye tairi, mikono katikati ya magoti.

"Basi nilisikia sawa," alisema. Nikafikiri atafurahi. "Masikio yapo. Kumbe ni mikono." Akaviangalia vidole vyake. "Masikio yakifa mtu anaweza kuazima ya mwingine, kama nilivyoazima yako. Mikono ikianza kufunga vibaya bila mwenyewe kujua, huyo hapaswi kushika gari la mtu. Watu wanapanda haya magari na watoto wao."

Kisha akaniuliza, polepole sana, akitazama chini. "Zile kepu. Nilizikuta zimepangwa kama nilivyoziacha. Sivyo?"

Mara ya pili aliniuliza, na mara ya pili nilisema, "Ndiyo, baba."

Niliandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili kabla ya kuiacha hapo.

Nilikwenda sokoni mchana huo huo. Mama Dorosela alikuwa nyuma ya mafungu yake ya viazi. Nilimweleza yote, Jasmine, gunia, parachichi, weusi na kahawia, nikamwomba amwambie baba, kwa sababu ndivyo maneno yangu yanavyofika kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga fungu lililokuwa limeshapangwa.

"Alipokuuliza, aliniuliza mimi?"

"Hapana, mama."

"Alipokuambia asante, alinipitia mimi?"

Nikakaza kanga ya mtoto mgongoni.

"Basi hilo ni lako. Mimi nabeba salamu na habari za chumvi kuisha. Hilo kalitue mwenyewe." Kisha, nilipogeuka, akaongeza, "Na uwahi. Amemwita Silvesta aje saa kumi. Anampa spana zake."

Sikupanda bodaboda, nilitembea, kisha nikakimbia na mtoto akirukaruka mgongoni. Nilimkuta chini ya bati. Spana zote zilikuwa nje ya sanduku, amezifuta kwa dizeli, amezipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa juu ya gunia lile lile. Bisibisi ya kusikilizia ilikuwa pembeni. Silvesta alikuwa ameshafika, amesimama bila kujua aweke wapi mikono.

"Mzee, mimi sikusema uache kazi," alikuwa anasema. "Nilisema masikio tu. Ilikuwa utani."

"Haikuwa utani. Ulisema kweli, ila ulikosea kiungo."

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga kumwomba Silvesta aondoke kwanza, lakini nilijua nikianza kupanga sitasema.

"Baba, kepu nilizivuruga mimi. Mtoto alivuta gunia zikamwagika. Nikazipanga upya. Sikuzikumbuka zilivyokuwa. Uliponiuliza nikasema uongo. Na leo tena nimesema uongo."

Jasmine alikuwa anavuta nywele zangu. Upepo uliinua bati moja ukaliachia.

"Ulizipanga kwa kufuata nini?" baba akauliza hatimaye. Aliuliza kama anavyowauliza wateja gari lao linasema nini.

"Kwa kufanana, baba. Nyeusi na nyeusi, kahawia na kahawia. Kama parachichi."

Silvesta alitoa sauti, mwanzo wa kicheko, baba akamgeukia. Kikaishia hapo.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alilala chini ya gari, akaondoa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akatoa kepu na konrodi ya pili na ya tatu, ikamchukua mpaka jua linaelekea kuzama, na Silvesta akimsaidia bila kuombwa. Metali zilikuwa zimeliwa upande mmoja, zimetoa rangi ya shaba. Akaibana kepu kwenye konrodi kama ilivyokuwa imefungwa, akanyoosha mkono kwangu, akachukua kidole changu cha shahada, yeye baba mkwe wangu, akapitisha ukucha wangu kwenye maungio.

"Unasikia?"

Ukucha ulikwama. Kidogo sana, kama kwenye ncha ya karatasi. Akabadilisha, akaweka kepu ile nyingine, akapitisha tena. Ukucha ulipita kama hakuna maungio.

"Zimefanana kwa macho," alisema. "Hapa hatutumii macho."

Ya kwanza na ya nne alizipima kwa ukucha nazo, zilikuwa sahihi. Bahati ilinipa mbili ikaninyima mbili. Krenki ilikuwa imekwaruzwa, ikapelekwa kusafishwa kwa mchonga vyuma, na metali zikatafutwa nyingine. Kabla ya kufunga alisugua zile nukta zilizokosea, akanipa panchi na nyundo. Nikapiga mbili, nikapiga tatu. Nukta yangu ya tatu iliangukia pembeni, haiko kwenye mstari na wenzake. Iko ndani ya gari lile mpaka leo.

Mwalimu Matilda alipokuja, nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa kanga safi, nikasimama karibu. Lakini baba alitangulia.

"Nilifunga kepu mahali pasipo pake, mwalimu. Kosa la gereji yangu. Nisamehe."

"Mwalimu," nikaanza.

"Mama Jasmine," baba akasema, bila ukali, "mletee mgeni chai."

Nikaenda kuleta chai. Ndivyo ilivyo kwetu, huwezi kubishana na mkwe mbele ya mgeni. Nilisimama jikoni na birika mkononi, nikawasikia nje, Mwalimu akisema mambo kama hayo hutokea, uzee hauna dawa, na baba akiitikia, eeh, eeh. Nilipotoka Mwalimu alikuwa ameshaliwasha gari na kulizima. Halikuwa linagonga. Chai aliinywa amesimama. Ufunguo alikuwa nao mkononi tayari.

Spana hakumpa Silvesta. Zilirudi kwenye sanduku siku ile ile, na bado anafungua magari, na bado anasikia nukta ya kutu kwenye beringi ya gari linalopita barabarani. Lakini neno lilishatoka. Silvesta anasema alimwambia kila mtu ukweli, na nadhani alisema, ila habari ya mzee aliyepoteza masikio inapendeza kuliko habari ya mkamwana na parachichi. Wateja wamepungua. Baba hajawahi kunitajia.

Siku moja mwezi huu nilimpelekea chakula, nikapiga magoti, nikamwambia nataka kwenda kwa Mwalimu Matilda mwenyewe, Njombe, nimweleze. Alikula tonge mbili kabla ya kujibu.

"Kosa langu lilikuwa kutopiga nukta kabla ya kusafiri. Hilo nililisema na ni kweli. La kwako liseme wewe. Nauli ipo kwa mama."

Kwa hiyo Jumamosi nakwenda. Haya niliyoandika nitampa ayasome, kwa sababu najijua, nikifika mlangoni kwake na akinikaribisha vizuri, akitabasamu, naweza kusema nimekuja kusalimia tu.